Alhamisi Isiyo na Mabuti Mlangoni

Fairlea, Manitoba
Mwanzoni mwa Desemba

Kwa dada yangu mpenzi Oleta,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Dwayne, na yule mbwa wenu mzee kama bado anapumua. Goti lako linaendeleaje? Uliponiambia kwenye simu kwamba sasa unapanda ngazi kwa kukaa na kujisukuma kinyumenyume kama mtoto, nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Mimi mwili wangu hauna neno. Baridi imeshaingia, ile baridi ambayo watu wa huku huizungumzia kwa fahari utadhani wameitengeneza wenyewe, na theluji imefika kwenye dirisha la banda la marehemu Lorne. Nashukuru jiko la kupashia nyumba joto bado linafanya kazi.

Najua unangoja nikutajie siku nitakayofika Oklahoma. Umeniambia chumba umekwisha kukipaka rangi ya manjano, na kwamba Dwayne ameondoa humo baiskeli yake ya mazoezi bila kunung'unika, jambo ambalo ninajua umelitia chumvi kwa ajili yangu. Habari ya safari nitaifikia. Lakini nivumilie kwanza, maana kuna jambo limenipata, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumsimulia kwa urefu bila yeye kuanza kuangalia vidole vyake vya miguu.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuringia Alhamisi yangu. Wakanada Sikukuu yao ya Shukrani huila Jumatatu moja ya Oktoba, kimyakimya, na Novemba ikifika wameshaisahau. Mimi tangu nilipoolewa na Lorne nikaletwa huku, nilikataa katakata kuiacha ya kwetu. Kila mwaka, Alhamisi ile ya Novemba, nilioka bata mzinga, nikapika viazi vitamu kama vya mama na pai ya njugu za pekani, nikaacha mlango bila kuufunga kwa ufunguo. Na majirani walikuja. Siku ya kazi, dada, katikati ya wiki! Ardith, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuja na pai yake ya maboga. Orest Hryciuk mwenye duka alikuja na bakuli la perogi, vile vinyunya vya unga vilivyojazwa viazi, ambavyo kina bibi yake walikuja navyo kutoka Ukraine. Na wengine wengi. Wote walivua mabuti mlangoni, maana huku hata polisi akija kukukamata nadhani atavua viatu kwanza, na mabuti yalijaa kwenye trei ya viatu mpaka yakamwagikia ukumbini. Mimi nilipita nikiyatazama nikajisemea moyoni, Nadine, watu hawa hawana maneno, lakini wanakupenda. Sikuwahi kumwalika hata mmoja. Kwani nyumbani kwa mama, nani aliwahi kualikwa? Ulisikia harufu ya chakula, ukaingia.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Aprili nilimzika Lorne. Dwayne alisema huku watu hufia kwenye foleni ya daktari. Ni kweli tulingoja, tena tulingoja sana, lakini alipolazwa hakuna aliyeniuliza nitalipa nini, na sitaki kurudia ubishi huo naye. Kilichoniuma ni lile neno aliloniambia kwenye simu siku ya mazishi, kwamba nisilie, karibuni tu Kanada itakuwa jimbo la hamsini na moja la Marekani na mimi nitakuwa nimerudi nyumbani bila kuhamisha hata kijiko. Najua alitaka nicheke. Lakini utani huo huku haumchekeshi mtu. Tangu wakubwa wa Washington waanze mambo yao ya ushuru na kuusema utani huo kama si utani, watu hawa ambao wakijikwaa kwenye kiti hukiomba kiti samahani, wamekasirika jinsi ambavyo sijawahi kuwaona. Orest aliondoa dukani machungwa ya Florida na divai ya California, akachora jani jekundu, lile la bendera yao, kwenye kila kilichotoka hapa nchini. Bendera zikapepea hata kwenye matrekta. Kwenye mchezo wa hoki ya barafuni, vijana ambao niliwapa biskuti wakiwa wadogo walizomea wimbo wetu wa taifa, na mimi nimekaa palepale na blanketi langu magotini.

Lakini mimi hakuna aliyenigusa kwa neno. Hilo ndilo lililonitisha. Kwetu mtu akikuchukia atakuambia mbele ya foleni ya benki, utamjibu, na yataishia hapo. Hawa waliniuliza habari za theluji. Nikiingia mkahawani mazungumzo yalikatika, mtu akakohoa, mwingine akauliza kama barabara ina utelezi. Nikaanza kununua mkate mapema asubuhi wakati duka halina watu.

Alhamisi ilipofika, nilioka bata mzinga wa kutosha mtaa mzima, nikaacha mlango wazi kama kawaida yangu. Nilivaa ile sweta yangu ya rangi ya machungwa. Nikakaa. Giza la huku Novemba huingia mapema, na kila gari lililopita nilisimama. Kwenye trei kulikuwa na mabuti yangu na ya Lorne tu, maana ya kwake bado sijaweza kuyaondoa. Hakuja mtu. Ng'ambo niliona taa ya Ardith inawaka, na kivuli chake dirishani, nikajua yupo na ameamua kutokuja. Mwishowe nilikula bawa moja nikiwa nimesimama jikoni, nikazima taa, nikalia mpaka kichwa kikauma. Ndiyo maana nilikupigia asubuhi ile nikasema narudi nyumbani. Hukuniuliza sababu, ukaenda kununua rangi. Mungu akubariki kwa hilo.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Orest kuomba maboksi ya kufungia vyombo. Akaniletea, akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba samahani, ni ya machungwa ya Florida, ndiyo vitu pekee vya kwetu Marekani alivyobakiza. Halafu akaniuliza kama Alhamisi ilikuwa imepita salama.

Dada, mtoto wa Oklahoma ndani yangu aliruka kama maziwa yanavyofurika jikoni. Nilipiga kelele mbele ya watu. Nikamwambia, "Nyie mna roho ya namna gani? Mmekula kwangu miaka yote, leo mume wangu kafa mnaniachia bata mzinga mzima peke yangu? Kama ni mambo ya Washington, nitukaneni basi, tuyamalize!" Bibi mmoja alirudisha maziwa aliyoyashika. Mzee mmoja akajificha nyuma ya mikate.

Orest aliiva uso ukawa mwekundu kama nyanya. Akaanza na samahani, kama ilivyo desturi, kisha akasema, "Lakini Nadine, si hukutuita?"

Nikamwambia sijawahi kuwaita hata siku moja, na walikuwa wakija. Akamtazama Ardith, ambaye mimi sikuwa nimemwona, amesimama pembeni na kikapu chake. Ardith ndiye aliyeniambia.

"Lorne ndiye alikuwa anapita," akasema. "Kila mwaka, Jumapili ile kabla. Anakuja na visingizio vyake, leo anataka kuazima ngazi, kesho anauliza bei ya ngano. Akishavaa buti kuondoka ndipo anasema, 'Nadine hatasema, ila atafurahi mkija.' Tunamwuliza, 'Kweli hatutasumbua?' Anatujibu, 'Mtasumbua msipokuja.'"

Miaka thelathini na ushee, Oleta. Mume wangu alizunguka nyumba hadi nyumba kwenye baridi, akarudi akasema alikuwa anazungumza na watu kuhusu ngano. Alijua mimi naamini mlango wazi unatosha, na alijua watu wake hawawezi kukanyaga kizingiti bila kuambiwa, akasimama katikati yetu bila kunung'unika hata mara moja. Sikujua nimlilie au nimkasirikie. Hapohapo dukani nilifanya yote mawili.

Nikamwuliza Ardith kwa nini basi alikaa dirishani akinitazama. Akasema alikuwa amevaa koti, pai iko tayari mapajani. Aliona taa yangu, akadhani labda nataka kumlilia Lorne peke yangu. Kisha akadhani labda nimewakasirikia kwa yale majani mekundu ya Orest, na akaona haya kuja kujipendekeza kwa mtu ambaye nchi yake wanaisema kutwa nzima. Nikamwuliza alikaa na koti mpaka saa ngapi.

Akasema, "Mpaka ulipozima taa."

Nimelala na neno hilo siku kadhaa sasa. Wanawake wawili, barabara moja, kila mmoja na chakula chake kinapoa, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Usidhani upweke wangu umekwisha kwa sababu nimeelewa. Usiku nyumba bado ni kubwa, na upande wake wa kitanda bado ni baridi. Wala sitakuambia nimekuwa Mkanada. Nimejaribu kunyamaza nikashindwa, na huyo mfalme wao anayekaa Uingereza simwelewi mpaka leo.

Lakini sirudi, dada yangu. Ndilo jambo nililoogopa kukuambia kwa simu, maana kwenye simu ungenishinda. Nisamehe kwa rangi ya manjano. Maboksi ya Orest nimeyarudisha.

Na kuna hili, ambalo ni gumu zaidi. Ulipokosa kuja kumzika Lorne, niliweka kinyongo. Nilikuwa nimekuambia kwenye simu kwamba mlango uko wazi. Wewe ukasema tutaona. Nikakungoja, gari zikapita, na tangu siku ile nimekuwa nikizungumza nawe kwa adabu, jambo ambalo kati yetu ni dalili mbaya. Sasa najiuliza. Huenda na wewe ulikuwa umekaa kule na koti lako, unaogopa mpaka, unaogopa goti, unaogopa kuwa mgeni asiyetakiwa kati ya watu wanaozomea wimbo wako, ukingoja dada yako mdogo akwambie neno moja. Sikulisema. Nilisema habari za mlango.

Jumapili nilipita nyumba hadi nyumba mimi mwenyewe. Ya kwanza nilizungumza habari za theluji, nikatoka bila kusema nilichokwendea, ikabidi nirudi na kubisha tena. Tumepanga kula pamoja kwangu Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya. Orest atatoa bata mzinga mwenye jani jekundu, na nimemruhusu. Wote waliniuliza kama kweli hawatasumbua. Niliwajibu kama Lorne alivyowajibu.

Oleta, njoo. Nakualika wewe kwa jina lako, na Dwayne pia, akiahidi kuacha utani wake mpakani. Nitakuja kuwapokea uwanja wa ndege wa Winnipeg mwenyewe. Nimekutandikia chumba cha chini ambacho hakina ngazi hata moja. Usiseme tutaona. Nataka uje.

Nisalimie wote wanaonikumbuka huko, na mwambie Dwayne sina kinyongo naye, nina jibu tu, nalo nitampa uso kwa uso. Mungu akulinde na goti lako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Nadine

Tena, kabla sijasahau. Ukifika, vua viatu mlangoni, huku ndivyo tunavyofanya. Vya kwako viweke kwenye trei, kando ya mabuti ya Lorne. Nimekuachia nafasi.