Umeme Unaosukumwa kwa Mguu

Jumanne usiku

Makomredi! Naandika hivyo, nikijiandaa kwa hotuba ya kesho, ingawa chumbani niko peke yangu.

Serikali ilipunguza ushuru wa pikipiki za umeme, kaka yangu Njoroge akaiamini, akanunua. Vituo vya kubadilisha betri vikabaki Nakuru mjini. Leo betri imezima kwenye mlima wa Subukia, akiwa amebeba maziwa ya hoteli. Mwenzake mwenye pikipiki ya petroli aliendesha yake huku akiisukuma ya Njoroge kwa mguu hadi juu, akicheka: "Boss, umeme wako unakunywa petroli yangu!"

Maziwa yalifika yamechacha. Hoteli imeacha kumpa kazi.

Punguzo hilo la ushuru lilimfaa nani? Muuzaji wa pikipiki, bila shaka. Lakini Njoroge...

"Wewe unahutubia tu," aliniambia. "Mimi kesho nitabeba nini?"

Kesho saa nne, kwenye mkutano wa waendesha pikipiki stejini Subukia, nitawauliza wote swali lake.