Baraza la Wanaokohoa

Dada Kabula,

Nilikupoteza mwaka jana, pamba ikiwa bado haijaisha mashambani, na ulifia mahali ambapo wewe mwenyewe ulikataza mwenye kikohozi kulazwa: ndani ya wodi, madirisha yamefungwa. Hilo ndilo linaloniuma. Kufa tunakufa sote.

Miaka yote uliyokuwa muuguzi pale hospitalini, anayekohoa hakuvuka mlango. Alikaa barazani, uso ameuelekeza uwanjani, kitambaa mdomoni, hata awe mzee wa kupigiwa magoti. Baraza hilo nililijenga mimi, kazi yangu ya kwanza ya tofali za kuchoma, futi arobaini kwa kumi, na ukanizuia nisiinue ukuta. Namkumbuka yule shangazi wa Kishapu aliyekufokea: "Nimetembea jua lote hili uje kuniweka nje kama mbuzi?" Ukamjibu, "Mbuzi wangu hawakohoi hivyo, shangazi. Kaa hapo upepo ukupige." Alicheka mpaka akakohoa tena.

Halafu mafua yale makali yakakushika wewe. Wenzako wakasema Sista hawezi kulazwa nje kama mpita njia. Wakakupa kitanda cha pembeni, shuka mpya, wakafunga madirisha vumbi lisikufikie. Watu wakamiminika kukupa pole, wakikushika mkono mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa Geita natafuta mbao. Nafika, sauti imekwisha. Ulikuwa unaonyesha mlango kwa kidole. Wao wakakuletea maji.

Wiki tuliyokuzika, wodi nzima ilikohoa. Mhoja, mtoto wa jirani yetu, alikuwa amelazwa kwa mguu uliovunjika. Mguu ulishaunga. Kifua ndicho kilichomuua. Mama yake tukikutana sokoni ananisalimu vizuri tu, "Mwadila, fundi," kisha anabaki kunitazama, nami nashindwa kusogea. Hajawahi kuniuliza kitu. Heri angeuliza.

Sasa sikiliza. Kamati ya hospitali imeniita. Wanataka nilizibe baraza liwe wodi, na juu ya mlango liandikwe jina lako. "Fundi, dada yako asisahaulike." Saruji ya kibali wameshaipata, na unajua saruji ilivyo adimu siku hizi. Mama amelia kwa furaha. Anasema katika ukoo wetu hakuna jina lililowahi kuandikwa ukutani. Nikawauliza, anayekohoa atakaa wapi? Daktari akasema, tutaona.

Nimepiga hesabu. Wodi ina vitanda ishirini. Jana wagonjwa walikuwa thelathini na wanne, wawili wawili, kichwa huku miguu kule. Nikiziba napata vitanda kumi na viwili, karibu kila mtu alale peke yake. Nani alikuwa akipiga kelele kwamba wagonjwa wanabanana pumzi kwa pumzi? Wewe. Lakini nikiziba, wenye kikohozi wanaingia ndani pamoja na akina Mhoja. Kila upande hesabu inakubali, Dada, na kila upande nasikia maneno yako.

Niliwachorea ukuta wa nusu, futi tatu, juu wavu. Mwenyekiti akaniuliza kama namjengea Sista banda la kuku. Wakacheka sana. Nikikataa, watamwita fundi mwingine, na huyo hatafikiria hata dirisha moja.

Tangu siku ya kikao, kila nikipita pale jioni nasikia kikohozi chako. Kinatoka barazani, mahali ambapo hawakukulaza. Nikigeuka, benchi tupu. Nilidhani ni kichwa changu, mpaka mlinzi naye akaomba kuhamishiwa lango la nyuma. Yeye wamemhamisha. Mimi nitahamia wapi?

Lala salama, Dada. Mama nitamtunza, hilo usiwe na shaka nalo. Na utakachosema nitakisimamia mbele ya kamati yote, hata Mama akininunia mpaka kufa kwake. Ila usinikoholee tu, maana kikohozi si jibu. Lori la tofali linashusha Jumamosi saa mbili asubuhi. Kabla halijashusha, njoo ndotoni au njoo mchana kweupe, umwambie mdogo wako Masanja kwa neno moja: nizibe au nisizibe?