Dresa Mkubwa

Shambani, upande wa Mbozi
Wakati wa mavuno ya kahawa

Dada yangu Salome,

Kamwene. Kamwene tena, maana najua hapo ulipo umekunja uso na salamu moja haitakutosha. Hujambo wewe? Shemeji Zakaria na watoto hawajambo? Baridi ya Nyololo inawaachia angalau mchana muote jua? Huku baridi ni kama ya kwetu, ila huku huna mtu wa kukukaribisha motoni. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayasoma. Barua hii isome peke yako kwanza kabla ya kumsomea mama, na utajua mwenyewe pa kuruka.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Ambokile, yule utingo wa lori. Umeniandikia kwamba donda ndugu la mguuni mwa mama limefunguka tena na limeanza kunuka. Umesema anamkataa dresa mpya wa misheni, huyo anayefunga vidonda siku hizi, eti mguu wake umezoea mkono wa Elia na hautaki mwingine. Kisha ukaniuliza, "Wewe daktari wa Wazungu, unamtibu nani huko hata mama yako aoze?" Nilikasirika, dada, nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Halafu nikaona swali lako ni la haki. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza tangu niondoke, na ningekuwa na habari za kufurahisha ningeandika zamani.

Simtibu mtu. Mimi ni boi wa jikoni. Naosha sahani.

Ulikuwepo siku Ambokile alipoleta ile habari pale dukani, lori likipakia magunia. Alisema hivi, na mpaka leo namsikia: "Bwana Elia, kule shamba ya Mbozi memsahibu anatafuta dresa. Anataka dresa mkubwa, mwenye nguvu, wa kukaa miaka mingi. Anauliza kila mtu." Mimi nilikuwa msaidizi tu kule hospitali ya misheni, kazi yangu kuosha vidonda, kufua bendeji na kushika beseni. Nikasikia "dresa mkubwa", kichwa kikavimba. Sista aliniambia wazi kwamba nikiondoka nafasi haitaningoja. Mjomba akachinja mbuzi. Mama mwenyewe, na mguu wake ule, alinisindikiza mpaka barabarani akasema, "Nenda, mwanangu. Ukirudi umekuwa mkubwa utaniponya kabisa." Hapo ndipo nilipotoka, na hapo ndipo sasa siwezi kurudi na uso huu.

Nilifika huku nimevaa ile kanzu nyeupe ya hospitali niliyopewa na Sista siku ya kuagana. Nilikuwa nimeifua Mbeya, nikaikausha juu ya magunia ya lori. Memsahibu akatoka barazani.

"Wewe nani?"

"Mimi dresa, memsahibu. Nimesikia mnatafuta."

Akafurahi sana. Akashuka ngazi, akanipita, akaenda mpaka nyuma ya lori akachungulia ndani. "Iko wapi?"

"Nini, memsahibu?"

"Dresa. Iko wapi?"

"Ni mimi."

Akanitazama, akalitazama lori, akanitazama tena. Kisha akamwita mumewe, wakaongea Kiingereza, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka memsahibu akashika nguzo. Mpishi, mzee Nzunda, mtu wa huku huku Mbozi, alitoka na mwiko mkononi akaniambia pole pole, "Kijana, mama anataka kabati. Kabati ya jikoni, ya kupanga sahani. Kwao inaitwa dresa." Lori lilikuwa limekwisha geuza kurudi Mbeya. Bwana alipomaliza kujifuta machozi akasema, "Basi, wewe napata kazi jikoni." Nikatia sahihi mpaka mwisho wa mavuno, kwa kuwa kurudi siku ile ile kumwangalia mjomba usoni baada ya mbuzi wake, hapana, sikuweza.

Usimchukie Ambokile. Nami nilitaka kumkaba, lakini mtu aliyenifungua macho ni Fundi Salehe, seremala wa Mbeya mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani na misafara. Ndiye aliyepewa kazi ya kuchonga hilo kabati. Nilipotumwa kulichukua alinipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kilichokuponza ni neno moja. Huyo utingo angesema 'dresa kubwa', ungejua ni kitu. Alisema 'dresa mkubwa', ukadhani ni mtu. Ninyi wa bara kila kitu mnakifanya mtu."

"Sisi tunasema hata 'meza mkubwa', Fundi."

"Basi ndiyo hayo. Lugha ni ngazi, ungeijua usingeanguka."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nililibeba lile kabati la mninga na watu wengine kutoka kwenye lori mpaka jikoni, bega langu likachubuka, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba nambeba dresa mwenyewe, mwenye ile kazi niliyoifuata. Sasa limesimama ukutani chini ya picha ya Malkia mpya, kila asubuhi nalipangusa. Likipata doa nalaumiwa mimi.

Hilo neno, dada, ni kinyonga. Baada ya kufika tu memsahibu alinitupia kuku aliyekwisha chinjwa akaniambia kwa Kiingereza nimfanyie "dresi". Neno hilo nalijua, ndilo la Sista kila asubuhi kule wodini. Nikamgeuza kuku huku na huku nikauliza, "Kidonda chake kiko wapi?" Kumbe kwao kumfanyia kuku dresi ni kumnyonyoa, kumpasua na kumtoa matumbo. Tena dresi hiyo hiyo ni kuvaa nguo, na kuku wa Kizungu anavalishwa kwa kuvuliwa manyoya. Hata siki na mafuta wanayomwagia majani mabichi kabla ya kula huitwa hivyo hivyo. Hadithi yangu ya kidonda cha kuku husimuliwa kila wageni wanapokuja. Nasimama pale na trei, nangoja wamalize kucheka ndipo nitoe supu.

Baba yake memsahibu, ambaye sisi tunamwita Bwana Mzee, alikuwa mwalimu kwao, na Kiswahili chake kimetoka vitabuni, kimenyooka kuliko changu. Yeye hakucheka. Siku moja alinikuta nafuta rafu akanieleza. Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na maana yake ya kwanza ni kunyoosha, kuweka kitu sawa. Ukiweka nguo sawa mwilini, ni hilo. Ukiweka kidonda sawa, ni hilo. Ukiiweka nyama tayari kwa kupikwa, ni hilo. Zamani kila jiko kubwa lilikuwa na meza ya kutayarishia nyama, wakaiita dresa, na baada ya miaka wakaipandishia rafu za sahani juu yake.

Nikamwuliza, "Na dresa wa hospitali, Bwana Mzee? Nani alitangulia?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "Meza. Dresa wa hospitali alikuja nyuma sana."

Basi hata kwa umri lile kabati ni kaka yangu. Nilimshukuru, nikaendelea kufuta.

Usifikiri nimekaa kimya tu. Mchumaji mmoja wa kahawa alijikata panga mguuni, wakamfunga kipande cha gunia. Nikaenda kwa memsahibu kuomba spiriti na pamba nimsafishe, nikamwambia nimefundishwa. Akasema, "Wewe kazi yako jikoni. Hapana chezea dawa." Yule mtu alivimba mpaka pajani, ndugu zake wakaja kumchukua kwa machela. Sijui aliishia wapi, na siulizi kwa sababu naogopa jibu.

Sasa nifike kwenye habari ya mama, maana ndiyo iliyonikalisha niandike.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa bwana siku ile ile kuomba ruhusa. Akasema mavuno hayajaisha. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema kila boi ana mama, na kila mama anaumwa wakati wa mavuno. Kutoroka siwezi. Mwenzangu wa bustani alitoroka, askari wakamrudisha amefungwa kamba, na nikifungwa sitamfaa mama hata kwa salamu. Nikarudi kuosha sahani. Niliosha vibaya, nikavunja bakuli, nikasemwa.

Kisha mbwa wa bwana akanaswa na waya wa mtego wa nguruwe. Ni mbwa mkubwa, anaitwa Meja, analala ndani. Waya ulimla mguu wa nyuma mpaka mfupa ukaonekana. Mganga wa mifugo hakupatikana Mbeya. Memsahibu analia, bwana anazunguka sebuleni, halafu memsahibu akasimama akanielekezea kidole: "Wewe nasema wewe dresa. Sasa fanya."

Wakaniletea sanduku. Dada, ndani yake mlikuwa na bendeji mpya ambazo hazijafunguliwa, pamba, spiriti, na ile poda nyeupe ya vidonda ambayo Sista alikuwa akiipima kwa ncha ya kisu. Kumbe vyote vilikuwemo siku ile ya mchumaji. Nilimsafisha mbwa, nikamtoa nyama iliyokufa, nikatia poda, nikamfunga. Mikono yangu ilifanya kazi bila kuniuliza, na nitakuambia ukweli, ilifurahi. Ilikuwa imeikosa kazi yake. Nilipomaliza nikatoka nyuma ya nyumba nikatapika kwa hasira.

Bwana akanipiga begani. "Sasa napata dresa mbili," akasema, na wote wakacheka tena. Nikaona moyo wake umelainika, nikaomba mara ya pili. Safari hii hakukataa. "Wewe nakwenda kuona mama," akasema. "Lakini kwanza mbwa napona. Kamili." Nikaomba poda kidogo tu, ya kukunja kwenye karatasi, nimpe Ambokile awaletee. Akafunga sanduku. "Hii hapana ya kutoa."

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Chemsha maji, tia chumvi, yaache yapoe mpaka mkono wako uyavumilie. Mwoshe mama asubuhi na jioni, usione kinyaa, nyama nyeusi itatoka yenyewe ukiilowesha kwa subira. Kitambaa chochote cha zamani, ila ukichemshe na ukianike juani. Mtu asimwekee tumbaku wala kinyesi cha ng'ombe, hata kama ni shangazi mwenyewe anayeagiza. Na umbembeleze ampokee yule kijana wa misheni. Mwambie mimi nimesema mkono wake ni mzuri. Simjui, lakini ana poda, na mimi sina. Akikataa, wewe na shemeji mbebeni mumpeleke, alie asilie. Afadhali anichukie mwenye mguu kuliko anipende akiwa hana.

Mimi mbwa huyu namwuguza kuliko nilivyowahi kumwuguza mtu. Namwosha, namfukuzia nzi, nakaa naye asilambe kidonda. Usiku nikisikia analia naamka. Mzee Nzunda ananitania kwamba nimeoa. Haelewi kwamba kila nikiona nyama mpya pale mguuni, hata upana wa ukucha, nahesabu nimekaribia Nyololo. Tunamwomba Mungu mambo tofauti, dada, ninyi mnamwombea mama, mimi namwombea mbwa, na nadhani ni ombi moja.

Nisalimie shemeji Zakaria, umwambie asante kwa kuni anazomkatia mama. Mjomba, mchinja mbuzi, mpe shikamoo zangu. Akiuliza cheo changu mwambie nafanya kazi nyumbani kwa bwana mwenyewe, hapo hujasema uongo. Shangazi msalimie kwa mbali, asije akakukamata na tumbaku yake. Wanao wabusu vichwani.

Na mama mwambie nakuja. Akiuliza kwa nini sijafika, mwambie nina mgonjwa, hali yake bado, siwezi kumwacha. Atafurahi kusikia hivyo. Usimwambie ni nani.

Ni mimi mdogo wako,
Elia