Gramu za Ugali wa Mama Mkwe

Jumapili, Mkonze

Sijui nijaze nini kwenye ile programu ya simu. Tangu niambiwe nina kisukari, kila mlo nauandika humo. Leo tulikula kwa mama mkwe, ugali wa mtama na mlenda, sote sinia moja. Nilipotoa simu nipige picha, akauliza, "Mwanangu, chakula changu kina kasoro?"

"Hapana mama, ni huu ugonjwa tu."

Akawa ananimegea, anasukumia upande wangu. Nikala, nisimuudhi.

Programu inataka gramu. Nitazijuaje? Nikakisia, ikawaka nyekundu, eti nimezidisha. Nikajitoboa kidole, kipimo kikaonyesha sukari iko sawa. Sasa niamini kipi?

Mama mkwe amepiga simu sasa hivi. "Chakula hakijakudhuru?"

Nikamwambia sijui, mama. Na kweli sijui.