Vifaranga wa Joha

Mikumi,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, na kifua chako kimepata nafuu tangu baridi ya Mamboya ipungue. Baba naye, mguu unaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Watoto hawajambo, wanakuulizia. Ningepiga simu, lakini simu ya Baba huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima husikia, na haya nataka uyapate wewe kwanza.

Habari za hapa si nzuri, Mama. Huenda umeshasikia kwamba duka la Lazaro la chakula cha kuku limefungwa. Huenda umeambiwa ni fitina za watu. Ngoja nikueleze nilivyoyaona mwenyewe.

Kina mama wengi wa mtaa wetu wanafuga kuku wa nyama, kwa sababu malori yakisimama barabara kuu, mahoteli hayachoki kukaanga. Vifaranga tulikuwa tunaletewa na Joha, yule jirani mjane aliyekupikia uji ulipokuja kumwona mtoto. Alikuwa akiwafuata Morogoro, anarudi na maboksi ameyapakata kama watoto. Chakula watu walinunua kwa mwanao Lazaro. Alichanganya mwenyewe: mahindi, soya, dagaa, na unga fulani mweupe, kidogo tu, unaonunuliwa maduka ya dawa za mifugo. Watu walimwamini.

Mwaka huu soya ilipanda bei, dagaa wakaadimika. Haukupita muda vifaranga wakaanza kudumaa. Wanakula, wanashiba, hawakui. Manyoya yakawa haba, migongo wazi, halafu wakaanza kudonoana mpaka damu. Ukifungua banda asubuhi unakuta wengine wameliwa na wenzao wakiwa hai. Sesilia, mwenyekiti wa kikundi chetu, aliwazika wake wote shimo moja, akakaa pale chini na jembe lake mpaka mumewe akaja kumwinua.

Watu wakasema Joha ametuletea vifaranga wabovu. Lazaro naye akamwambia hivyohivyo kila aliyefika dukani kulalamika. Joha alipojitetea walizidi kuchukia. Mwisho wakaenda kwake kubomoa banda, wachukue mabati yawe fidia. Joha alishika bati moja akakataa kuliachia. Wakalivuta. Lilimkata kiganja mpaka mishipa. Hospitali walimshona, lakini vidole havikunjiki tena, na ni mkono wa kulia. Akahamia kwa kaka yake, kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa.

Baada ya hapo ndipo afisa mifugo akaja kutoka Kilosa, akatukusanya kwenye ukumbi wa kijiji. Alisema kifaranga wa nyama hukua haraka sana, na mwili wake hujengwa kwa protini, nayo protini imeundwa kwa vipande vinavyoitwa amino asidi. Vingine kifaranga hujitengenezea, lakini viwili alivyovitaja, laisini na methionini, hawezi. Ni lazima avikute kwenye chakula. Kimoja kikipungua, hata vingine vikijaa, ujenzi unasimama. Soya na dagaa ndivyo vinavyovileta, na ule unga mweupe huziba pengo. Pumba na mashudu ya alizeti vitamjaza tumbo tu, hasa akiwa mdogo. Kisha akauliza kama yupo mtu ambaye vifaranga wake, wa boksi lilelile la Joha, wamekua vizuri.

Mtu mmoja akasimama, akasema wapo. Wako nyuma ya nyumba ya Lazaro, wanene, manyoya yamejaa, na wanakula kutoka gunia lisilouzwa. Watu walikwenda dukani palepale. Kila gunia lililofunguliwa lilikuwa pumba na mashudu, juu limenyunyiziwa vumbi la dagaa ili linukie. Lazaro alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama, mtu aliyesimama ni mimi.

Lazaro alikuwa amenikataza mapema kuwapa kuku wetu chakula cha dukani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuinua macho: “Wakishiba wanalala. Nani atajua?” Nikanyamaza. Nilijiambia ni mume wangu, na duka ndilo linalotulisha. Joha alipokuwa akitukanwa bombani nilikuwa foleni nyuma yake na ndoo yangu. Nilitazama chini.

Juzi nilikwenda Ulaya kumwomba radhi. Nilimkuta uani anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto, kisu kinamteleza. Nilitaka kumsaidia, akavuta beseni kwake. Hakunikaribisha kiti. Aliniuliza jambo moja tu:

“Ulijua kabla ya bati au baada?”

Nikamwambia kabla. Akaendelea kumenya. Nilisimama juani mpaka nikaelewa kwamba hana neno lingine kwangu, nikaondoka.

Lazaro hajarudi wala simu yake haipatikani. Walimwona akipanda basi la Morogoro, na mimi nadhani atakuja huko kwako. Mpokee, Mama. Ni mwanao, na mimi sijamfungia mlango. Lakini najua atakusimulia habari za vifaranga wabovu na mke aliyemuuza kwa watu. La mke aseme apendavyo. Lile la vifaranga usimkubalie hata kama analia. Akimaliza kusimulia, mwambie akutajie jina la Joha na kilichompata mkononi, kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nilimwomba kabla hajakimbia, nikashindwa. Labda wewe uliyemzaa utaweza.

Msalimie Baba, na mama mchungaji, na wote wa hapo nyumbani. Watoto wanakuamkia. Huenda baada ya kusoma haya hutapenda tena niitwe mkweo. Nitapokea utakachoamua. Mpaka utakaponijibu, najiandika hivyohivyo.

Mkweo,
Magreti