Chungu cha Usingizi

6 Machi

Mwanangu,

Barua hii ikukute mzima. Mimi sijambo, ila mgongo unalalamika, na huo hata ningeukalisha kwenye kiti cha mfalme ungelalamika.

Wenzako bado wanakuja kila Jumapili mchana kucheza mezani kwangu ule mchezo wenu wa kete na hadithi, kila mtu na mhusika wake. Nilidhani ukiondoka watatoweka. Wiki iliyopita nikamsikia fundi friji, huyo mnayemwita Msimulizi, anasema kadi ya mhusika wako ichanwe kwa sababu mwenyewe hayupo. Nikazima cherehani. Nikawaambia ndani ya nyumba hii hachanwi mtu.

"Basi mama, keti umchezee," akasema. Yule rafiki yako Dobi akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nikaketi. Sasa mimi ni Mzee Kikohozi, mtembeza dawa, niko chini ya ardhi, na zimwi limeziba njia. Kadi yako inasema nina chungu kidogo cha unga. Wa nini? Jibu upesi, zimwi linasubiri tangu Jumapili.

Usinicheke. Siku hiyo moja ndiyo nyumba inasikia sauti isiyo ya cherehani.

Mama yako


20 Machi

Shikamoo mama,

Habari za mgongo? Mimi mzima, mafua tu. Ghala hili ni la baridi. Pumzi ya mtu unaiona ikitoka. Tukila mchana, kila mmoja anaangalia sahani yake kama vile itamkimbia.

Ule ni unga wa usingizi. Ni dawa ya kuvuta: ikiingia puani, mtu chini. Nimeutunza muda mrefu kwa sababu nina mpango nao. Usimpelekee zimwi chungu anuse, atakutafuna mkono. Kitupe! Kitapasuka miguuni pake, unga utapaa, naye atavuta bila kuombwa. Msimulizi atakataa. Usikubali.

Agosti nina likizo. Nitakuja nikae kwenye kiti changu, wewe upumzike.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Mgongo haujambo, asante kwa kuuliza. Mengine siyo mazuri.

Nikasema, "Nakitupa chungu."

Msimulizi akafungua kitabu chake. "Mama, hiyo ni dawa, siyo jiwe. Imeandikwa hapa: mtu aivute."

"Kwani zimwi halipumui?"

"Linapumua, lakini avutaye anavuta kwa hiari yake."

Nikamwambia, "Baba, mimi nashona sare za wauguzi mwaka wa ishirini huu. Vumbi la pamba lilishawahi kuniuliza hiari yangu?"

Dobi akapiga meza. "Hapo umeshikwa!" Msimulizi akakuna kichwa, akakubali. Nikatupa kete, ikatoka tano. Chungu kikapasuka vizuri kabisa. Zimwi likaanguka, na Msimulizi akatukoromea ili tujue linavyokoroma.

Halafu akauliza kwa upole, upole ambao sikuupenda: "Mlango tulioingilia uko wazi?"

Nikasema nimeufunga. Nilikuwa nimeufunga mwanzoni kabisa, hakuna aliyeniambia. Mazoea, mwanangu. Nguo nyeupe za watu, huwezi kuacha mlango wazi.

Basi unga haukuwa na pa kutokea. Mzee Kikohozi akalala. Askari wa Dobi akalala, na upanga wake mkononi. Nimebaki mimi tu, maana walinitengenezea na mimi mhusika wangu. Walitaka niwe mchawi, nikakataa, nikawa mshona nguo. Msimulizi akauliza usoni nimevaa nini. Nikamjibu kitambaa cha kuziba pua, nakata pamba, ningevaa nini?

Amri yake ni hii: kila aliyelala ataamshwa na mchezaji wake mwenyewe, kete ikitoka sita, na kutupa ni mara moja kila Jumapili. Kwa Mzee Kikohozi mwenyewe siyo mimi. Ni wewe. Dobi ametupa, kapata nne.

Agosti siyo mbali. Nitawalinda.

Mama yako


2 Juni

Shikamoo mama,

Samahani kwa kuchelewa. Nilisoma barua yako ghalani nikacheka peke yangu, wakanitazama kama mtu aliyepandwa na kitu.

Mama, likizo imesogezwa. Wanasema mwakani, labda. Lakini waambie nimetupa kete huku nikapata sita. Mzee ameamka. Mwendelee.

Mwanao


25 Juni

Mwanangu,

Niliwaambia. Msimulizi akasema kete isiyoonwa na watu haihesabiwi. Unaijua sheria hiyo, wewe mwenyewe ndiye uliyeileta, enzi zile Dobi alipokuwa anatupa chini ya meza.

Dobi amehama, kapata kazi kwenye hoteli ya mbali. Kadi yake ameniachia. Msimulizi alikuja peke yake mara mbili, tukatazamana. Sasa anasema friji za watu zinaharibika Jumapili. Kitabu amekiacha hapa, nadhani kwa aibu.

Jumapili hii nilipanga viti vyote. Nilikuwa macho peke yangu kwenye chumba cha waliolala. Hata zimwi limenizoea.

Kazi njema. Funga shingo.

Mama yako


14 Septemba

Mwanangu,

Sina la maana. Nauliza tu kama anwani ni ile ile.

Mama yako


3 Novemba

Shikamoo mama,

Anwani ni ile ile. Ni mimi sikuwa na la kuandika. Kila nikishika kalamu naona linakuja neno "mwakani", naiweka chini.

Juzi nilichonga kete kwa kipande cha mbao ya kreti. Wakati wa chakula nikawaomba wenzangu watatu waangalie nikitupa. Wakauliza kwa nini. Ilibidi nieleze zimwi, chungu, mlango, na mama yangu aliyevaa kitambaa. Chakula kilipoa. Dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo, mtu ambaye sijawahi kusikia sauti yake, akauliza, "Sasa mama ametokaje?" Nikamwambia hajatoka.

Nikatupa. Mbili.

Ningeweza kuandika sita. Lakini wote watatu wameweka sahihi hapa chini, na wote wameandika mbili. Sasa wanataka na wao kadi.

Nisamehe, mama.

Mwanao


29 Novemba

Mwanangu,

Sahihi nimeziona. Ya dereva imekaa kama sindano iliyopinda, mwambie nimeipenda. Watengenezee kadi, na mle wakati chakula kina moto. Nimefurahi meza imepata watu.

Mbili haimwamshi mtu. Nikuambie ukweli, niliposoma nilishusha pumzi. Ungepata sita, Mzee Kikohozi angejikung'uta vumbi, angeniaga, angekwenda zake. Alipo sasa najua alipo. Jumapili naweka kadi yake mezani, mbele ya kiti chako, nashona.

Usitupe tena huko. Utakuja utupe hapa, niione kwa macho yangu.

Mlango bado umefungwa. Safari hii siyo mazoea.

Mama yako