Nilimwambia Mama Picha Haikuwa Nzuri

Mpendwa Mama Winnie, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya tarehe ishirini na mbili, maana ikipita hiyo sijui nitamtazamaje mama yangu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, nasoma mwaka wa mwisho chuo kimoja hapa Mwanza, nimepanga Butimba, na utafiti wangu unahusu mikutano ya video ya HD, yaani kama picha ikiwa safi kabisa, watu walio mbali wanaweza kufanya kazi ya mikono pamoja kama wako banda moja. Sasa kwa kuwa baba yangu, mzee Zadok, alikuwa fundi wa mitumbwi kwetu Rorya, nikamfungia kamera na skrini bandani kwake, nyingine nikamfungia fundi Mayala hapa Kirumba, na kila Jumamosi kwa miezi mitatu baba alikuwa akimwelekeza Mayala namna ya kuziba nyufa kwa pamba, nusu saa kwa picha ya kawaida, nusu saa kwa HD, mimi nimekaa pembeni ya Mayala na daftari nahesabu makosa.

Kwenye picha ya kawaida baba alikuwa baba tu. Kwenye HD, wiki ya tano, niliona macho yake yamekuwa ya manjano, wiki ya saba nikaona miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii, na Mama Winnie, sikusema, kwanza kwa sababu nilijiwekea kanuni kwamba mtafiti haongei wakati wa kazi asije akaharibu matokeo, pili kwa sababu kwetu binti hamwambii baba yake mbele ya fundi mwenzake kwamba anaonekana mgonjwa, nikajisemea nitampigia jioni, na jioni nikimpigia namuuliza kama bando limebaki. Ila kwenye daftari niliandika, na hili ndilo linalonitafuna: "Picha ni safi kiasi kwamba hata mabadiliko ya rangi ya macho ya mshiriki yanaonekana." Msimamizi wangu aliipigia mstari sentensi hiyo, akaandika pembeni, "Vizuri sana."

Baba alifariki mwezi wa sita, kwa ugonjwa wa ini. Siku ya tatu ya msiba mama aliniita nyuma ya jiko akaniuliza taratibu, "Mlikuwa mnaonana kila Jumamosi kwenye hiyo TV yako. Hukuona kitu?" Nikamjibu, "Picha haikuwa nzuri, mama." Akaendelea kuchagua mchele.

Sasa tarehe ishirini na mbili natetea utafiti mbele ya jopo, msimamizi anataka nionyeshe kipande cha video niliyorekodi wiki ya saba kwenye skrini kubwa, na mama ameshashona gauni, anakuja, anasema atakaa mbele amwone mume wake. Nimefikiria kumzuia asije, nimefikiria kukikata kile kipande, nimefikiria hata kuandika kwamba HD haina tofauti na picha ya kawaida. Nifanye nini?

Binti wa Fundi, Butimba

*

Marahaba, binti. Pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuhurumia, ya pili nikakasirika, kwa hiyo nivumilie.

Ulimwona baba yako anaumwa, ukamwandika. Daftari lilipata habari kabla ya mama yako. Kosa hilo ni lako, usilisukumie kanuni wala mila. Mila ilikukataza kumwambia mzee mbele ya watu, haikukukataza kumpigia mama yako simu. Lakini kifo usijibebeshe. Mimi si daktari, na wewe pia si daktari. Huenda kuwahi hospitali kungemsaidia, huenda kusingemsaidia. Utaishi na hiyo huenda, na ni nzito, sitakudanganya.

Ila nikuulize kitu. Mama yako alikuwa anaishi wapi? Asubuhi alikuwa anampelekea nani uji? Yale macho aliyaona kila siku bila kamera. Nadhani alipokuita nyuma ya jiko hakuwa anakushtaki, mwanangu. Alikuwa anatafuta mtu mwingine aliyeona akanyamaza kama yeye. Wewe ukamwambia picha haikuwa nzuri, ukamwacha peke yake.

Sasa sikiliza. Matokeo usiyaguse. Baba yako alitoa Jumamosi zake za mwisho kwa kazi hiyo, usije ukaigeuza uongo ili wewe upate nafuu. Kile kipande mwambie msimamizi hutakionyesha mpaka mama yako akione kwanza na aseme ndiyo. Akisema hapana, onyesha cha wiki ya pili, jopo halitakufa.

Jumamosi hii panda basi pale Buzuruga uende nyumbani. Habari hii haisemwi kwa simu, na hizo video zako ziweke kando kwanza. Ukifika msalimie, kula utakachopewa, kisha ingia naye jikoni umwambie, "Mama, picha ilikuwa nzuri. Niliona." Halafu nyamaza, hata akilia, hata akikutukana. Usimtajie kanuni za utafiti. Akishatulia, na yeye atakwambia alianza kuona lini. Msikilize mpaka mwisho, na daftari uliache Butimba.